Mkataba, Mgeni na Hakimu: Uhakiki wa Shauri la Deni katika *Mabepari wa Venisi* kwa Nafasi ya Msomaji wa Maji ya Chai

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza shauri la deni katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthiliya ya William Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969. Usomaji uliozoeleka unaiona tamthiliya hii ama kuwa ushindi wa huruma dhidi ya kisasi, ama kuwa shambulio dhidi ya ubepari. Uhakiki unadai kwamba usomaji wote wawili unaacha pembeni kiini cha mgogoro, yaani mkataba wa kibiashara baina ya raia na mgeni, unaoamuliwa na mtu kutoka nje ya mji ambaye ana maslahi katika matokeo yake. Kwa kuulinganisha mgogoro huo na Sheria ya Mikataba ya Tanzania na shauri la City Water lililoamuliwa mwaka 2008, uhakiki unaonesha kwamba kinachomwokoa mdaiwa ni usomaji wa maneno ya hati, na kwamba huruma inayosifiwa inafunika unyang'anyi. Nafasi ya kusomea ni Maji ya Chai, wilayani Meru, ambako kilimo cha mazao ya kuuzwa nje kinaufanya mkataba unaovuka mipaka kuwa jambo la maisha ya kila siku.

1.0 Utangulizi

Mji wa Arusha una uhusiano wa karibu na maswali ya biashara na sheria. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini humo mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapo. Kwa Ibara ya 32 ya mkataba huo, Mahakama hiyo inaweza pia kusuluhisha migogoro ya mikataba ya kibiashara iwapo wahusika wameichagua.

Mashariki mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, ipo kata ya Maji ya Chai, iliyopata jina lake kutokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Kata hiyo imo katika ukanda wa Meru unaotoa kahawa, mbogamboga, maua na mbegu za maharage kwa ajili ya masoko ya nje. Mazao ya ukanda huu yamekuwa yakisafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kilimanjaro, au kwa malori kupitia Namanga hadi Nairobi na kutoka huko kwenda Ulaya. Nyuma ya kila shehena kuna mkataba, na mara nyingi mnyororo wa mikataba.

Mabepari na mikataba yao husomwa kwa namna tofauti katika mazingira hayo. Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hasa wazo la Wolfgang Iser la msomaji anayedokezwa na matini, pamoja na wazo la Hans Robert Jauss la upeo wa matarajio. Msomaji wa Maji ya Chai anayetajwa humu si mtu aliyehojiwa. Ni nafasi ya kusomea, yaani upeo wa mtu anayejua kutokana na maisha yake kwamba sahihi iliyowekwa kijijini huweza kuamuliwa ng'ambo. Majina ya wahusika yameandikwa kwa tahajia yake ya asili.

2.0 Jina la Tamthiliya: Bepari ni Nani?

Mabadiliko ya kwanza yanayoonekana katika tafsiri yako kwenye jina. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja. Kwa Kiswahili linataja mabepari, kwa wingi. Wahakiki wengi huyasoma mabadiliko haya kama tamko la kisiasa la mwandishi wa Azimio. Usomaji huo una msingi. Mtafsiri alikuwa mkuu wa nchi ambayo, siku moja baada ya kutangazwa kwa Azimio, ilitaifisha mabenki yaliyomilikiwa na wageni na kuahidi kulipa fidia. Katika mazingira hayo, kumwita Antonio bepari ni kumweka kundi moja na Shylock: mmoja anaishi kwa faida ya shehena, mwingine kwa faida ya riba.

Hata hivyo, historia ya neno lenyewe inadai tahadhari. *Bepari* ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, na kamusi za zamani zinaliorodhesha kwa maana hiyo kabla siasa ya ujamaa haijalipa maana ya mnyonyaji. Neno lililochaguliwa na mtafsiri lilikuwa limevuka bahari pamoja na wafanyabiashara waliolileta. Linabeba kwa pamoja maana ya biashara, ya ugeni na ya unyonyaji, na kwa sababu hiyo linafaa tamthiliya hii kuliko neno lolote jipya ambalo lingeweza kubuniwa.

Udhaifu wa jina uko kwingine. Kwa kuwaweka wote katika wingi mmoja, linafuta tofauti ambayo sheria ya Venisi yenyewe inaitilia mkazo kuliko tofauti yoyote: tofauti ya raia na mgeni. Antonio na Shylock wanaweza kuwa mabepari sawa sokoni, lakini mahakamani si sawa. Msomaji anayeridhika na jina atauona mgogoro kuwa ugomvi wa ndani wa tabaka moja, naye atashindwa kueleza kwa nini adhabu inamwangukia mmoja tu.

3.0 Hati ya Deni

Masharti ya mkopo ni machache. Shylock anatoa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, bila riba. Antonio anadhamini malipo, na akishindwa, mkopeshaji ana haki ya kukata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Hati inawekwa mbele ya mthibitishaji. Mkopeshaji analileta sharti la nyama kama mzaha. Mdaiwa analikubali kwa majivuno, akiamini kwamba merikebu zake zitarejea mapema. Bassanio, ambaye ndiye atakayezitumia fedha, analiogopa sharti hilo, lakini hasikilizwi.

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kuchambua tukio hili. *Mkataba*, neno lenye asili ya Kiarabu inayohusu kuandika, linasisitiza hati. *Makubaliano*, kutokana na kukubaliana, linasisitiza nia za pande mbili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961, inayaunganisha mambo hayo katika kifungu cha 10: makubaliano yote ni mikataba endapo yamefanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Ukiitazama hati ya Venisi kwa kipimo hicho, ridhaa ipo, uwezo upo, na fedha zimetolewa. Kinachokosekana ni uhalali wa lengo. Kifungu cha 23 kinayakataa makubaliano yanayohusisha madhara kwa mwili au mali ya mtu, au yanayopingana na maadili na maslahi ya umma. Sharti la nyama lingeanguka hapo, kabla shauri halijafika kwenye suala la damu.

Deni lenyewe halifutiki kwa sababu hiyo. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepata faida kutokana na makubaliano yaliyogundulika kuwa batili airudishe faida hiyo, na kifungu cha 74 kinaruhusu fidia ya kiasi pale mkataba unapotaja adhabu, bila kuvuka kiwango kilichotajwa. Hukumu ya kawaida kwa vifungu hivi ingekuwa fupi: nyama haikatwi, dukati 3,000 zinarudishwa, na kila mtu anakwenda zake. Umbali kati ya hukumu hiyo na ile iliyotolewa Venisi ndio kipimo cha haki katika tamthiliya hii.

Hapa methali za Kiswahili zinamwongoza msomaji kwa namna ambayo matini ya asili haikuitarajia. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kwa methali ya kwanza, Shylock ana haki: Antonio aliahidi, siku imepita, hajalipa. Kwa methali ya pili, anaipoteza haki hiyo mwenyewe pale Bassanio anapoweka mbele ya mahakama fedha maradufu naye anazikataa. Msomaji wa Kiswahili humlaumu Shylock kwa sababu ameikataa dawa ya deni. Kukopesha kwake hakumkoseshi heshima, wala dini yake. Lawama hiyo ni ya haki kuliko ile inayotamkwa na wahusika wa Venisi, ambao wamemtukana na kumtemea mate kabla ya mkopo kuwapo. Haipuuzi pia kwamba ukaidi wake unakomaa baada ya binti yake, Jessica, kutoroka na Mkristo akiwa amechukua mali ya baba yake.

4.0 Mgeni mbele ya Sheria ya Mji

Kabla ya shauri kusikilizwa, Antonio mwenyewe anaeleza kwa nini mtawala wa Venisi hawezi kuuvunja mkataba ule kwa amri. Wageni wanafanya biashara mjini kwa kuamini kwamba sheria itawahudumia kama inavyowahudumia wenyeji. Wakinyimwa haki hiyo, sifa ya dola itaharibika, na faida ya mji inatokana na mataifa yote. Hoja hii inatolewa na mtu ambaye itamgharimu maisha. Kwa mtazamo wa uhakiki huu, ndiyo hoja nzito kuliko zote katika tamthiliya, kwa kuwa inaeleza msingi wa sheria ya biashara ya kimataifa karne nyingi kabla ya mikataba ya kulinda uwekezaji: mgeni huleta mali yake pale tu anapoamini kwamba mwenye nyumba hatabadili kanuni mchezo ukimwendea vibaya.

Tamthiliya inaijenga hoja hiyo na baadaye kuibomoa. Shylock anapokubali hatimaye kupokea fedha, anaambiwa kwamba alikwisha kuzikataa mbele ya mahakama. Kisha inafunuliwa sheria ambayo haikutajwa tangu mwanzo: mgeni anayetafuta uhai wa raia hupoteza nusu ya mali yake kwa raia huyo na nusu kwa dola, na maisha yake huwa mikononi mwa mtawala. Sheria hiyo haimhusu raia anayetafuta uhai wa mgeni. Shauri lililofunguliwa kama dai la deni linafungwa kama kesi ya jinai, bila hati ya mashtaka, bila nafasi ya kujitetea, na mdai ndiye aliyegeuka mshtakiwa.

Huruma inayosifiwa inaonekana katika hatua hii. Mtawala anamwachia Shylock uhai. Antonio anaomba nusu moja ya mali awe nayo kwa niaba ya Lorenzo na Jessica, kwa sharti kwamba Shylock abadili dini na kuwarithisha wote wawili mali yake yote. Matokeo ni kwamba mkopeshaji anaondoka bila nyama, bila fidia, bila mtaji, na bila dini yake. Neno *huruma* limetumika kuifunika hukumu ambayo, ikipimwa kwa vifungu vilivyotajwa, ni kali kuliko uvunjaji wa mkataba ungeweza kustahili. Mhakiki anayefundisha kwamba huruma ilishinda anapaswa kueleza ni huruma gani inayomnyang'anya mtu dukati 3,000 alizozitoa kwa mkono wake mbele ya mthibitishaji.

5.0 Hakimu Kutoka Ng'ambo

Venisi haikuliamua shauri hili kwa hekima yake yenyewe. Mtawala alimwita Bellario, mtaalamu wa sheria kutoka Padua. Bellario akatuma barua ya kumtambulisha kijana msomi, na kijana huyo ni Portia wa Belmont aliyejigeuza mwanamume. Utaratibu huu unafanana kwa kiasi na usuluhishi wa kisasa, ambapo pande zinazotoka katika nchi tofauti humpelekea mtu wa tatu mgogoro wao kwa sababu hana upande.

Ila Portia ana upande. Ni mke wa Bassanio, mtu ambaye mkopo ulichukuliwa kwa ajili yake, na fedha zinazotolewa kumlipa Shylock ni zake mwenyewe. Mtu huyu ndiye anayesoma hati, anayetafsiri sheria na anayeelekeza hukumu, huku pande zote mbili hazimjui ni nani. Kanuni ya haki ya asili kwamba mtu asiwe hakimu katika shauri lake imevunjwa moja kwa moja. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 kuhusu utekelezaji wa tuzo za usuluhishi za kigeni, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unaruhusu tuzo kukataliwa, pamoja na sababu nyingine, pale chombo kilipoundwa kinyume na makubaliano, pale upande mmoja uliponyimwa nafasi ya kujieleza, na pale tuzo ilipoamua mambo yasiyokuwa katika mgogoro. Hukumu ya Portia inaingia angalau katika sababu mbili za mwisho, mbali na kasoro ya maslahi binafsi.

Pamoja na hayo, haitoshi kumwona Portia kama mdanganyifu. Kwa upande wa ufundi wa kusoma, yeye peke yake ndiye anayeifanya kazi ambayo Antonio alipaswa kuifanya kabla ya kutia sahihi. Anaisoma hati neno kwa neno. Imetaja nyama, haikutaja damu. Imetaja ratili moja. Haikuruhusu zaidi wala pungufu. Anamshinda Shylock kwa silaha ya Shylock mwenyewe, kwani ni yeye aliyesisitiza kwamba maandishi yafuatwe bila kuongeza wala kupunguza. Somo la kiufundi ni sahihi, ijapokuwa matumizi yake si ya haki: katika mgogoro wa mkataba, anayeshinda ni yule aliyesoma kwa makini zaidi, na usomaji huo una faida kubwa ukifanywa kabla ya sahihi.

Kuna jambo moja la sifa kwa mtafsiri. Mwaka 1969 Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini sheria za mikataba na mashauri ya mahakama za juu yaliendeshwa kwa Kiingereza. Tafsiri hii iliipa lugha mabishano kamili ya mahakama ya biashara: dai, hati, dhamana, ushahidi, tafsiri ya sheria, hukumu na utekelezaji. Ilipita miaka 52 kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Fasihi ilikuwa imeonesha mapema kwamba kazi hiyo inawezekana.

6.0 Kutoka Venisi hadi Dar es Salaam: Shauri la City Water

Huenda ikadaiwa kwamba ratili ya nyama ni jambo la hekaya lisilofaa kulinganishwa na mashauri ya kweli. Shauri moja la Tanzania linatosha kujibu dai hilo. Mwaka 2003 DAWASA iliingia mkataba wa ukodishaji wa miaka 10 na City Water Services, kampuni iliyowaunganisha Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Tanzania, ili iendeshe huduma ya maji jijini Dar es Salaam. Huduma haikufikia matarajio na mgogoro ukazuka. Mei 2005 serikali ilitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Juni 2005 ilichukua mali na uendeshaji wa kampuni, na mameneja watatu wa kigeni wakaondolewa nchini. Biwater Gauff ilifungua shauri katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, ICSID, kwa kutegemea mkataba wa kulinda uwekezaji wa mwaka 1994 kati ya Tanzania na Uingereza.

Tuzo ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Wasuluhishi waliona kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoumaliza mkataba, lakini hawakutoa fidia yoyote, kwa sababu wakati wa ukiukaji huo uwekezaji haukuwa tena na thamani ya kibiashara. Msuluhishi mmoja, Gary Born, aliandika maoni yake tofauti kuhusu sababu za kufikia hapo. Katika shauri jingine lililohusu mkataba wa ukodishaji wenyewe, lililoendeshwa kwa kanuni za UNCITRAL, City Water ilishindwa na DAWASA.

Kwa juu juu, matokeo yanafanana na ya Venisi: mgeni anatambuliwa kuwa na haki, lakini hapati alichokuja kukichukua. Tofauti ndizo zenye mafunzo. Venisi ilimnyima Shylock kwa hila ya maneno, kisha ikamfilisi. Wasuluhishi wa mwaka 2008 walitenganisha maswali mawili ambayo Venisi iliyachanganya: je, wajibu umevunjwa, na je, uvunjaji huo umesababisha hasara kiasi gani? Swali la kwanza lilijibiwa dhidi ya dola, la pili dhidi ya kampuni, na hakuna aliyelazimika kutaja huruma. Vilevile, mwaka 2007 asasi tano za kiraia, zikiwamo za Tanzania, ziliruhusiwa kuwasilisha maoni ya maandishi kama marafiki wa mahakama, kwa kuwa maji ni suala la umma. Katika mahakama ya Venisi, watu wa kawaida wa mji hawana sauti.

Shauri la City Water linairudisha hoja ya Antonio mahali pake. Dola inaweza kuwa na sababu nzuri za kuumaliza mkataba mbaya. Inachohojiwa ni namna ya kuumaliza. Tangazo la hadharani, kuchukua mali kwa nguvu na kuwaondoa mameneja nchini ndiyo mambo yaliyoipa kampuni hoja ambayo utendaji wake mwenyewe usingeipa.

7.0 Msomaji wa Maji ya Chai

Serikali ina mawakili. Mkulima wa mbegu wa Maji ya Chai mara nyingi ana fomu tu. Katika kilimo cha mkataba cha ukanda wa Meru, mkulima huingia makubaliano na kampuni iliyoko nchini. Kampuni hiyo ina mkataba wake na mnunuzi wa Ulaya, na mnunuzi ana mkataba mwingine na duka. Mkulima hupewa mbegu na viuatilifu kwa mkopo utakaokatwa kwenye mauzo. Kwa kanuni ya jumla ya sheria ya mikataba, asiye upande katika mkataba hawezi kudai kwa mkataba huo. Mkulima hawezi kumfuata mnunuzi wa ng'ambo, ijapokuwa uamuzi wa mnunuzi huyo ndio unaoamua mapato yake.

Mtu aliye katika nafasi hiyo huona katika tamthiliya jambo ambalo wahakiki hulipita haraka: habari za merikebu. Kuzama kwa shehena za Antonio kunafika Venisi kama uvumi wa sokoni, ukifuatwa na barua. Kwa habari hizo mdaiwa anatangazwa kufilisika, mdai anadai nyama, na mahakama inaketi. Mwishoni, katika onyesho la Belmont, inajulikana kwamba merikebu tatu zimefika salama. Shauri zima liliendeshwa juu ya hasara ambayo haikuwa imethibitishwa. Hakuna aliyeomba ushahidi, hata Portia.

Msimu wa kilimo una merikebu zake. Shehena hukataliwa ng'ambo kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu, uotaji hafifu wa mbegu au kuchelewa kwa ndege, na Machi 2020 janga la UVIKO-19 lilionesha jinsi soko la maua la Ulaya linavyoweza kuporomoka kwa siku chache. Habari ya kukataliwa hufika kijijini kama sentensi moja: mzigo haukupokelewa. Mkopo wa mbegu unabaki palepale. Kama mkataba hausemi ni nani anayethibitisha hasara, kwa hati gani na ndani ya siku ngapi, mkulima yuko mahali alipokuwa Antonio, akingoja kuambiwa kilichotokea baharini. Na kama hausemi nani anabeba hasara ya janga lisilozuilika, ukimya huo mara nyingi utasomwa kwa faida ya aliyeiandika fomu.

Swali la lugha linaingia hapa. Marekebisho ya mwaka 2021 yanahusu lugha ya sheria na ya mahakama. Hayakuiandika upya fomu ya mnunuzi. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, kwa maandishi ya mwaka 1999, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Mahakama iliyoko Arusha. Mkulima anaweza kuishi mwendo mfupi kutoka mahakama ya kikanda na bado akawa mbali na maneno yanayomfunga. Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari huchukuliwa kuwa wito wa kutunza kumbukumbu. Kwa mkulima wa mkataba ina maana ya ziada: daftari lililoandikwa kwa lugha ambayo mwenye mali haisomi halimlindi.

Kwa hiyo maswali anayoyatoa msomaji huyu katika *Mabepari wa Venisi* ni ya vitendo. Nani aliandika sharti, na nani alilisoma kabla ya sahihi? Adhabu iliyotajwa inalingana na hasara? Hasara itathibitishwaje? Mgogoro utaamuliwa wapi, na nani, na mwamuzi huyo ana uhusiano gani na pande zote? Antonio, tajiri wa mji mkuu wa biashara, hakuuliza hata moja kati ya hayo.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba shauri la *Mabepari wa Venisi* linaeleweka vizuri zaidi likisomwa kama mgogoro wa mkataba unaovuka mipaka. Usomaji wa kitabaka, unaotegemea jina la tafsiri, unaeleza kwa nini Antonio na Shylock wanafanana sokoni lakini hauelezi kwa nini hawafanani mahakamani. Usomaji wa kimaadili, unaotegemea hotuba ya huruma, hauwezi kuihalalisha hukumu iliyomfilisi mdai na kumbadilisha dini. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ingefikia suluhisho la haki kwa njia fupi zaidi: kulibatilisha sharti la nyama na kuurudisha mtaji.

Tafsiri ya mwaka 1969 ina thamani ya pekee kwa sababu iliithibitisha mapema nguvu ya Kiswahili katika hoja za kibiashara na kisheria. Thamani hiyo haijatumika kikamilifu. Utafiti wa fasihi unaweza kuichunguza lugha ya fomu za mikataba ya kilimo kwa zana zilezile zinazotumika kuchambua tamthiliya: nani anazungumza, nani amenyamazishwa, neno gani limeachwa na kwa faida ya nani. Katika ukanda wa Meru fomu hizo ni matini zinazosomwa na wachache na kuwafunga wengi. Uhakiki wake ungewafaa wakulima moja kwa moja, kwani kwao kila neno lililoachwa lina bei inayolipwa msimu wa mavuno.